Unene wa vidonge: tuongee wazi, wamama

Wiki hii tunaleta jambo ambalo kwenye likelemba tunalinong'ona tu: vidonge vya kunenepesha. Mwanamke akikonda, maneno yanaanza. Hawa wanasema mume hamlishi, wale wanasema ana ule ugonjwa. Akisikia kuna vidonge vya bei ndogo vinavyojaza mashavu upesi, atakosaje kuvinunua? Hatumcheki. Tunataka tu ajue anachomeza.

Mara nyingi ni dawa mbili. Ya kwanza ni siproheptadini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Periactine. Ni dawa ya alerji. Inaleta njaa na usingizi mwingi. Mwaka 2016 watafiti wa Kinshasa walichapisha uchunguzi juu ya namna watu wa mji huo wanavyoitumia bila ugonjwa wowote. Ya pili ni deksametasoni, deksa, nayo ni ya jamii ya homoni.

Tamaa ya kubadili mwili kwa homoni haiko kwetu peke yetu. Mwaka 1990 huko Marekani, wanaume 12 wenye miaka zaidi ya 60 walichomwa homoni ya ukuaji kwa miezi sita. Nyama ya mwili iliongezeka, mafuta yakapungua. Wauzaji wakashika habari hiyo, wakatangaza kwamba uzee umepata dawa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba faida ni ndogo, na wengi walivimba, wakaumwa viungo, wengine sukari ikapanda. Homoni hiyo inawafaa sana watoto ambao mwili wao hauitengenezi; kumpa mtu mzima ili aonekane kijana ni jambo lingine. Wale wanatafuta misuli, sisi tunatafuta mashavu, lakini swali ni lile lile: dawa ya mgonjwa inamfanya nini mtu mzima wa afya?

Kati yetu kuna wanaojibu: «Mwili ni wangu, pesa ni yangu, na deksa inatolewa hata hospitalini.» Ni kweli inatolewa. Inaokoa watu wenye alerji kali. Mwaka 2020 huko Uingereza ilionekana kuwa inapunguza vifo vya wagonjwa wa Covid waliohitaji oksijeni. Lakini hapo kuna mganga, kuna kipimo, na kuna siku ya kumaliza. Anayemeza mwenyewe kwa miezi hana hata kimoja.

Tena unene wenyewe si ule tuliotaka. Uso unakuwa wa mviringo, tumbo linajaa, huku mikono na miguu inapoteza nguvu. Kikwembe kinabana kiunoni, lakini ndoo ya maji inakushinda. Ndani, sukari na presha vinaweza kupanda, mifupa inalegea, vidonda vinachelewa kupona, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka.

Hatari kubwa iko siku ya kuacha. Juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo zinazotengeneza homoni ya kutusaidia kustahimili homa, njaa, kuzaa na upasuaji. Deksa ikiingia kila siku, tezi zinaona kazi inafanywa na mwingine, nazo zinalala. Ukiacha ghafla, haziamki papo hapo. Mwili unaishiwa nguvu, kutapika kunaanza, presha inashuka, mtu anaweza kuzimia na hata kufa, na nyumbani watu wakadhani ni malaria au amelogwa.

Kwa hiyo, mama uliyemeza deksa kwa wiki nyingi, usiitupe leo kwa hofu. Chukua pakiti yenyewe, nenda nayo kituo cha afya, useme kila kitu. Watakupunguzia kidogo kidogo. Ukienda kuzaa au kupasuliwa, waambie pia. Ukianza kutapika na kuzimia baada ya kuacha, twende hospitali siku ile ile. Anayenyonyesha asimeze vidonge hivi bila kuuliza.

Na aliyekonda bila sababu apimwe kwanza: kikohozi, minyoo, sukari, damu. Kama ni chakula tu, tuanzie sufuriani: ndagala, maharagwe, sombe yenye karanga na mawese, uji wenye soya. Kinaongezeka polepole, lakini kinabaki.

Tunaomba jambo moja la mwisho, na hili halina bei. Vidonge vinaanzia mdomoni mwetu. Tunapomwambia mwenzetu mbele ya watu, «Mama Fulani, umekwisha hivyo, una nini?», tunamsukuma kwa muuzaji. Kwenye mkutano ujao, tumsalimie bila kumpima kwa macho. Kama tunamhofia, tumwite pembeni, tumsindikize kupimwa.