Leseni ya Kinyozi na Kichwa cha Mtoto

Siku za kuamkia Pasaka, na vile vile siku mbili tatu kabla ya Idi kwa jirani zetu, vinyozi wa Mji Mkongwe hawapati hata nafasi ya kunywa chai. Watoto hupangwa kwenye benchi: mashine moja, kitambaa kimoja, kichwa baada ya kichwa. Wengi wetu tukitoka Misa Minara Miwili tukiteremka Forodhani kupunga upepo, tunapita milango hiyo bila kujiuliza: huyu anayemshikia mtoto wembe kisogoni, nani amemruhusu?

Tulizungumza na kijana mmoja aliyenyoa miaka minne kwenye kiti cha fundi wake, si mbali na Forodhani, ambaye sasa anataka kufungua mlango wake mwenyewe. Kwake yeye leseni ilikuwa kodi tu: unalipa, unapewa karatasi, unabandika ukutani. Sivyo. Kwa Mji Mkongwe leseni hushughulikiwa na Baraza la Manispaa Mjini, na safari yake kwa kawaida huanza kwa sheha wa shehia. Usisikilize maneno ya barazani kuhusu ada na vielelezo, kwani hubadilika. Kaulize Manispaa penyewe. Lakini jambo moja usilisahau: Zanzibar inayo Sheria ya Afya ya Jamii na Mazingira ya mwaka 2012, na afisa wa afya ana haki ya kuingia chumbani mwako, kutazama maji, mwanga, sakafu, taulo na pipa la taka.

Wenzetu wengine walikwenda mbali zaidi. Huko Marekani, jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya leseni za vinyozi mwaka 1897, na kinyozi mwenyewe alitakiwa kuonyesha kwamba anaijua kazi, na usafi wake pia. Kwetu karatasi ya ukutani inahusu zaidi biashara na mahali pake. Mkono wa kinyozi hufunzwa na fundi wake, na kama fundi hakuwa msafi, mwanafunzi naye hurithi. Hapo ndipo jicho la mzazi linapohitajika.

Tunaogopa nini? Kwanza mapunye. Ni ugonjwa wa ukungu unaokaa ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana mafuta ya kupaka peke yake hayauponyi. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, aliyoandikiwa na daktari. Mzazi anayemwonea haya kinyozi leo, kesho atapanga foleni hospitali.

La pili ni damu. Virusi vya UKIMWI havistahimili sana nje ya mwili, lakini wembe wenye damu mbichi haupaswi kuhamia kwa mtu mwingine hata kidogo. Homa ya ini aina ya B ni ngumu zaidi: virusi vyake huweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata damu ikikauka. Chanjo yake iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga Tanzania mwaka 2002. Kwa hiyo mara nyingi mtoto amekingwa kuliko baba yake anayenyolewa ndevu kiti cha pili, na kuliko kinyozi mwenyewe, ambaye naye hujikata vidole.

Wembe uwe mpya, ufunguliwe mbele yako, kisha utupwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko. Vifaa vya chuma visivyo vya umeme visafishwe kwa sabuni, viloweshwe dakika 10 katika jiki, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji ikiwa ni ile ya nguvu ya asilimia 3.5, kisha visuuzwe na kukaushwa visije vikala kutu. Mashine ya umeme haitumbukizwi: huzimwa, nywele zote hupigwa brashi, halafu meno yake hufutwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke yenyewe. Kupitisha kiberiti mara moja, kama tunavyoona mara nyingi, ni maonyesho tu.

Na kusema si utovu wa adabu. "Fundi, tunaomba wembe mpya," inatosha. Kinyozi mzuri hanuni. Mwenye haya abebe wembe wake mfukoni.

Yule kijana wetu alipokagua chumba chake mwenyewe kabla ya kumwita afisa, aliona kasoro mbili: nyembe alikuwa akizitupa kwenye boksi lililo wazi, na taulo alikuwa nazo mbili tu kwa siku nzima. Tulipomwona tena alikuwa anatoka dukani Darajani na ndoo yenye kifuniko, na taulo kumi na mbili kwapani.