Mutoto hatulii ku masomo: mbele ya kumupiga, tuelewe TDAH

Tangu masomo ya primere ikuwe ya bure mu Septemba 2019, makalasi za Makiso zinajaa. Kati ya watoto hao, mwalimu anakosa mara chache mmoja asiyetulia: anasimama-simama, anakata wenzake maneno, anasahau kaye nyumbani, anaanza zoezi bila kumaliza. Wazazi wanasema ana kichwa ngumu. Familia zingine zinafika mpaka kusema ana ndoki.

Pengine ni shida ambayo wanganga wanaijua tangu zamani. Kwa Kifaransa wanaiita TDAH, ni kusema shida ya kukaza akili pamoja na kutotulia. Munganga Muingereza George Still alieleza watoto wa namna hiyo kule London mwaka 1902. Inatoka kwa namna bongo inavyofanya kazi, si kwa uchawi wala kwa malezi mabaya, na mara nyingi inapita mu familia. Duniani, karibu watoto 5 kati ya 100 wako nayo. Wengine, zaidi wasichana, hawasumbui mutu: wanakaa kimya, akili iko mbali, na hakuna anayewaona.

Lakini si kila mutoto asiyetulia ana TDAH. Wanganga wanataka dalili zianze mbele ya miaka 12, zidumu miezi 6 ao zaidi, na zionekane fasi mbili, mfano nyumbani na ku masomo. Mutoto anayesumbua mu kalasi tu, pengine hasikii vizuri, haoni ubao, analala na njaa, ao ameona mambo ya kutisha. Malaria pia inaacha alama. Kwa majirani wetu wa Uganda, watafiti walifuata watoto waliotibiwa malaria ya bongo ku hospitali ya Mulago, Kampala. Nyuma ya miaka 2, mmoja kati ya 4 alibaki na shida ya akili, zaidi ile ya kukaza akili.

Basi tufanye nini? Kwanza, mupeleke ku kituo cha afya wamupime masikio, macho na malaria. Dawa za TDAH ziko, lakini ni munganga tu anayeweza kuziandika. Misaada mingine haiombi franka:

- Mwambie jambo moja kwa mara moja, ukimuangalia machoni.
- Kata kazi vipande vya dakika 10 ao 15, kisha mwache atembee kidogo.
- Mu kalasi, akae mbele, mbali na mulango na dirisha.
- Akifanya vizuri, musifu palepale.
- Asome saa ileile kila siku.

Kama munalipa mutu wa kumufundisha nyumbani, muulize anafanya namna gani. Masaa mawili ya kukaa na fimbo juu ya meza haitamusaidia huyu mutoto. Hapa Kisangani, UNIKIS iko na fakilte ya saikolojia na sayansi ya elimu. Wakubwa wa masomo wanaweza kuuliza shauri kule.

Na tusisahau: sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inasema, mutu akisingizia mutoto ndoki, anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3. Mutoto mwenye TDAH anaweza kusoma na kufaulu. Akifukuzwa nyumbani, atasomea wapi?