Mtoto wa Kisukari Asinyimwe Sukari

Mtoto akigunduliwa ana kisukari, nyumba nyingi huanza kwa kuificha sukari. Chai inanywewa chungu, peremende zinanyang'anywa, shangazi aliyekuja na soda anarudi nayo. Nia ni njema. Lakini siku sukari ya mtoto huyo itakaposhuka, kilichofichwa kabatini ndicho dawa yake.

Huku Mwanda, kwenye Milima ya Taita, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, njia ya shule ni kupanda na kushuka. Misuli inayofanya kazi hunyonya sukari ya damu, na insulini aliyodungwa asubuhi haijali kama mtoto amekula au amekosa. Misuli huendelea kujaza akiba yake saa nyingi baadaye, ndiyo maana aliyecheza mpira jioni anaweza kuzidiwa usiku wa manane, wenzake wakidhani amelala fofofo.

Kipimo kikisoma chini ya 3.9 mmol/L, sukari imeshuka. Mtoto hutoka jasho hata kwenye ukungu wa asubuhi, hutetemeka, hushikwa na njaa ya ghafla, hukasirika bure, huongea ovyo. Mwalimu asiyejua atamwita mtukutu. Jirani atasema ni malaria, kifafa, au mapepo, na hapo ndipo muda hupotea.

Akiwa na fahamu, apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Kimanga chetu, pamoja na utamu wake, hakifai dakika hizo: maharagwe na muhogo huchelewa tumboni. Kiliwe sukari ikisharudi. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, apakwe asali kidogo ndani ya shavu, na akimbizwe hospitali ya Wesu au Voi.

Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, umewafikishia watoto wa Kenya insulini bure. Ni msaada mkubwa, ila insulini hiyo hiyo, bila chakula, ndiyo inayoangusha.

Wazazi, mwambieni mwalimu wa darasa ukweli. Kisukari si aibu. Nanyi walimu wakuu, wekeni pakiti ya sukari ofisini, na mtoto huyo aruhusiwe kula hata katikati ya somo.