Mke yupo, karatasi hana
Mama katoka Burundi, kaolewa Didia, kazaa wanne. Watoto ni Watanzania kwa baba yao; yeye bado mgeni asiye na kibali. “Wewe ni mke wangu, nani atakugusa?” husema mume. Uhamiaji hawaulizi hivyo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia, ila mume akiwa hai. (Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo.) Baba, wewe unayeshuka duarani kutafuta dhahabu, umelisikia hilo? Kama mlioana kimila tu, sajilini ndoa kwanza. Kisha mpeleke mwenyewe ofisi ya Uhamiaji, Shinyanga mjini. Asiende peke yake.