Jike la Furu Huchagua kwa Jicho

Mwangalie samaki furu dume akiwa bado anapapatika kiganjani. Wa kwenye miamba ya maji mafupi ana mwili wa samawati uliochanganyika na kijivu, na milia myeusi. Wa chini zaidi ana milia kama hiyo, lakini mgongo ni mwekundu na mbavu za manjano. Akishakufa rangi hufifia, na mwaloni Nyegezi, Mwanza, wote wawili hutupwa ndoo moja.

Wataalamu humwita yule wa samawati Pundamilia pundamilia. Mwekundu ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Wanaishi jirani, kwa mfano kwenye visiwa vya Python katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, na majike yao yamefanana, rangi hafifu tu.

Je, rangi hiyo hurithiwaje? Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwazalisha pamoja ndani ya matangi. Jike la furu hulea mayai mdomoni, na vifaranga vya mchanganyiko vikatoka vizima, vikakua, vikazaa. Kwa wajukuu rangi zikatawanyika: huyu mwekundu, yule wa samawati, wengine katikati. Mfugaji wa kuku wa kienyeji hashangai. Ameshaona kifaranga kikitoka na manyoya ya bibi yake. Kila mtoto hupokea nakala moja ya jeni kwa mama na moja kwa baba, na nakala iliyojificha kwa mtoto huweza kujitokeza kwa mjukuu. Kama rangi ingetegemea jeni nyingi mno, karibu wajukuu wote wangeangukia katikati. Hesabu ilionyesha kuwa ni jeni chache tu.

Basi damu zao zinapatana. Kinachowatenga ni jicho la jike. Kwenye mwanga wa kawaida, jike la nyererei humfuata dume mwekundu. Watafiti walipowasha taa ya rangi moja, madume yakaonekana sawa, na jike likaacha kubagua.

Ziwani, taa hiyo ni maji machafu. Mwaka 1997 Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza kuwa penye maji maangavu furu wana rangi kali na aina nyingi. Penye tope rangi zinapooza na aina zinapungua. Udongo wa mashamba, mbolea na maji taka ya mji hurutubisha mwani, na mwani huziba mwanga.

Tumezoea kumlaumu sangara, na kweli alikula furu wengi. Lakini aina ya samaki huweza kwisha bila kuliwa. Jike halioni vizuri, linazaa na yeyote, watoto wanaogelea wazima, na baada ya vizazi kadhaa hakuna mwekundu wala wa samawati. Mvua ikinyesha Nyegezi, tazama rangi ya maji ya mtaro yanayoingia ziwani. Kuna jike huko chini linatafuta mwenzake.