Uganda: Msitu wa Budongo na hatua za maisha yake

Msitu wa Budongo, ulioko magharibi mwa Uganda karibu na Ziwa Albert, umekuwa ukipimwa na wataalamu kwa zaidi ya miaka 80. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba msitu haubaki ulivyo hata usipoguswa, na kwamba anayetaka kuuhifadhi hana budi kujua umefikia hatua gani.

Aliyeweka msingi wa elimu hiyo ni William Eggeling, ofisa wa misitu wa enzi za ukoloni. Kwa kuwa umri wa mwanadamu hautoshi kuusubiri msitu ukue, alitenga viwanja katika sehemu zilizoonekana kuwa na umri tofauti, akahesabu miti yake, kisha akazilinganisha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1947.

Pembezoni, msitu unapopakana na mbuga ya nyasi, moto ukikosekana kwa miaka kadhaa huanza kuota miti ipendayo jua. Miongoni mwao ni musizi, unaokua kwa kasi. Lakini kivuli chake huwadhuru watoto wake wenyewe, na nafasi yao huchukuliwa na miche ya aina nyingine.

Ndipo huja msitu mchanganyiko. Hapa husimama mikangazi na jamaa zake wa mbao nyekundu, na chini yao miti ya kimo cha kati, vichaka na miche, tabaka juu ya tabaka. Mwishowe hutawala muhimbi, mti mgumu unaokua polepole, ambao miche yake huvumilia giza kwa muda mrefu. Eggeling aliona kwamba aina za miti zilikuwa nyingi zaidi katika hatua ya kati, na chache pale muhimbi ulipotawala.

Mwaka 1978 mwanaikolojia wa Marekani, Joseph Connell, alitumia takwimu hizo kutetea hoja kwamba misukosuko ya wastani husaidia kudumisha wingi wa viumbe. Mti mkongwe unapoanguka, mwanga hufika ardhini na miche iliyodumaa hupata fursa. Kwa hiyo ndani ya msitu mmoja huwamo vipande vya umri mbalimbali.

Hata hivyo, hoja hiyo si kibali cha kukata miti ovyo. Viwanja viwili hutofautiana kwa mengi zaidi ya umri: udongo, wanyama na historia ya uvunaji. Ndiyo maana viwanja vya Eggeling vilipimwa upya, ikiwemo katika miaka ya 1990, ili mabadiliko yaonekane mahali palepale badala ya kukisiwa.

Katika miaka ya 1950 na 1960, maofisa wa misitu waliihesabu mihimbi kuwa kikwazo kwa biashara ya mbao, wakaiua kwa sumu ili mikangazi ipate nafasi. Tembo, waliokuwa wakivunja miti na kula miche, nao wametoweka Budongo. Msitu unaoonekana leo ni matokeo ya maamuzi hayo pia.

Maamuzi ya sasa nayo yana uzito. Mbegu za mkangazi hupeperushwa na upepo. Miti mikubwa izaayo ikikatwa kwa magendo, mapengo hubaki bila mbegu. Matunda ya miti mingi husambazwa na sokwe, nyani na hondohondo. Kituo cha utafiti kilichoanza kuwafuatilia sokwe wa Budongo mwaka 1990 kimerekodi kupungua kwa matunda msituni, huku mashamba ya miwa yakiwa yamesogea hadi mpakani.

Kuweka ulinzi mpakani ni hatua ya lazima, lakini haitoshi. Msitu utaendelea kujifanya upya iwapo tu utabaki na miti ya kuzaa, wanyama wa kusambaza mbegu, na muda mrefu kuliko kipindi cha serikali yoyote.