Naivasha hadi Molo: Usiupite mji bila kuonja chake

Wasafiri wengi kwenye barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru hula pale dereva anapoamua kusimama. Matokeo yake ni chipsi zilizopoa na soda, ilhali gari limepita kando ya maziwa, mashamba na malisho. Katika Bonde la Ufa, anayekula vizuri ni yule anayeagiza kinachotoka hapo hapo.

Naivasha, agiza samaki. Maji ya Ziwa Naivasha hayana chumvi, na katika fuo za Kamere na Karagita utapata tilapia aliyetoka majini karibuni. Mtazame kabla hajatiwa kwenye mafuta: macho yawe maangavu na matamvua yawe mekundu. Ukifika Nakuru, muulize muuzaji samaki wake ametoka wapi, kwani Ziwa Nakuru limo ndani ya mbuga ya taifa na uvuvi humo hauruhusiwi.

Ukishapita Gilgil unaingia Kikopey, ngome ya nyama choma. Wapiga debe watakupungia mkono kutoka pande zote mbili za barabara, lakini usikubali kuvutwa. Nenda penye wateja wengi, uulize bei ya kilo, kisha uchague mwenyewe mbavu au mguu wa mbuzi unaoning'inia buchani. Upimiwe ukiona. Nyama huchukua muda kuiva, kwa hivyo anza na kikombe cha supu. Hatimaye mchomaji huileta juu ya ubao na kuikatakata mbele yako, chumvi ikiwa pembeni, pamoja na ugali na kachumbari yenye pilipili.

Nakuru, ambayo ni jiji tangu Desemba 1, 2021, ina hoteli za kila aina. Hata hivyo, saa za mchana nenda vibanda vya karibu na soko la Wakulima. Huko mukimo, githeri, managu na chapati kwa ndengu hupikwa kwa mazao ya siku hiyo, na sahani huwa kubwa kwa bei nafuu. Mwenye hamu ya pilau na aulizie mtaa wa Bondeni.

Kama una nafasi, pitia Njoro hadi Molo. Baridi ya huko imelea kondoo ambao nyama yao imesifiwa kwa vizazi, na viazi vya huko havihitaji zaidi ya chumvi.

Mwishoni mwa mwaka 2025, serikali ilizindua upanuzi wa barabara hii kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit. Safari itakuwa ya haraka, na hilo ni jema. Lakini wapangaji wa barabara wasiwasahau wachomaji na mama wauza samaki: watengewe maeneo salama ya magari kusimama na maji safi ya kupikia. Nawe msafiri, simama ule kwao. Pesa unayoacha hapo humfikia mfugaji, mvuvi na mkulima wa eneo hilo.